Ukumbi wa Jamii (Kashai na Buhaya)

Ukumbi wa jamii ni jengo la wakazi wote wa kijiji, mtaa au kata, linalotumika kwa mikutano, sherehe, mafunzo na shughuli za vikundi. Makala haya yanahusu kumbi za aina hiyo katika Buhaya, nchi ya Wahaya, hasa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, Tanzania. Kashai, mojawapo ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, inatajwa hapa kama mfano wa upande wa mjini, na vijiji vya Muleba kama mfano wa shamba. Kumbi hizi kwa sura ni za kawaida mno: kuta nne, bati, mlango wenye kufuli. Lakini anayetaka kujua Wahaya walivyopata haki ya kukutana na kuamua mambo yao, hana budi kuuliza walikaa wapi, na ufunguo ulikuwa kwa nani.

Jina

Katika nyumba ya Kiswahili ya pwani, ukumbi ni ile sehemu ya mbele, ukishavuka mlango, anapokaribishwa mgeni kabla ya kufika vyumbani. Neno hilo limepanuka likawa jengo zima la kukusanyikia. Huku Kagera linatumika kwa jengo la halmashauri, la parokia, la usharika, la chama cha ushirika na hata la mfanyabiashara, ndiyo maana mtu akiambiwa "tukutane ukumbini" huuliza kwanza ni upi. Ukumbi ukiitwa wa jamii, maana yake ni kwamba mkazi yeyote ana haki ya kuingia bila kuuliza ni wa dini gani, ukoo gani au chama gani.

Kabla ya ukumbi

Buhaya ya zamani ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Kiziba, Bugabo, Kyamtwara, Kihanja na Ihangiro. Kila ufalme ulikuwa na kikale, makao ya Omukama, yaani mfalme. Kesi kubwa zilisikilizwa hapo, ngoma za ufalme zilitunzwa hapo, na waimbaji wa enanga walisimulia visa vya mashujaa wakipiga ala yao ya nyuzi. Aliyewaita watu kikale alikuwa Omukama mwenyewe, na aliyeitwa alikwenda.

Kijijini hapakuwa na jengo la pamoja. Watu walikutana kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha mtu, mbele ya nyumba ya msonge, migomba ikiwazunguka pande zote. Mwenye nyumba alitoa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa, kila mmoja akachukua chache akatafuna, ndipo maneno yakaanza. Desturi hii ingalipo. Hadi leo mgeni wa heshima huletewa akamwani katika kikapu kidogo, na kikao kilichoanza hivyo huwa na utulivu ambao kengele ya mwenyekiti haiwezi kuuleta.

Wajerumani walipojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, chini ya Emin Pasha, na baadaye Waingereza walipotawala kwa kuwatumia Wakama, utawala ulishuka hadi ngazi ya gomborora, sehemu ndogo ya ufalme. Baraza la gomborora lilikuwa na karani, daftari na benchi. Lilikuwa mahali pa kuhukumiwa na kulipa kodi. Mwananchi aliingia akiitwa, akatoka akiruhusiwa.

Mikutano isiyo na paa

Wahaya walianza mapema kuunda vyama vyao wenyewe. Bukoba Bahaya Union ilianzishwa mwaka 1924, na katika miaka ya 1930 wakulima wa kahawa wakajipanga katika chama chao. Mwaka 1937 wakulima walipinga kanuni mpya za utunzaji wa mibuni, ghasia zikazuka, na serikali ya kikoloni ikajibu kwa nguvu. Hasira ile haikuwa ya kahawa pekee. Watu walikuwa wakiamriwa wafanye nini ndani ya vibanja vyao bila kuwa na mahali halali pa kusema hapana.

Jambo hilo lilijirudia katika miaka ya 1950 huko Kamachumu, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Ali Migeyo, mmoja wa wapigania uhuru mashuhuri wa Bukoba, aliwahutubia watu katika mkutano wa hadhara ambao polisi waliuvunja kwa mabomu ya machozi, naye akaishia gerezani. Mkutano ule ulikuwa uwanjani. Anayeandika historia ya kumbi za Buhaya hana budi kuanza na viwanja kama hicho, kwa sababu kiu ya kukaa pamoja ilitangulia matofali kwa miaka mingi.

Mijini, serikali ya kikoloni ilianza kujenga vituo vya ustawi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mambo mengine kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani. Vilikuwa na chumba cha kusomea, redio na nafasi ya dansi. Dar es Salaam ilipata Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Humo ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA (Tanganyika African Association) mwaka 1953. Nairobi ilikuwa na kumbi za Pumwani na Kaloleni, na Unguja ilikuwa na Raha Leo, pale Ng'ambo, ambapo wanamapinduzi wa Januari 1964 walipafanya makao yao. Wengi walioyajenga majengo hayo walitaka Mwafrika apate burudani ya jioni. Mwafrika akapata humo mahali pa siasa.

Ghala la kahawa

Vijijini Buhaya, jengo lililokaribia zaidi kuwa ukumbi wa watu lilikuwa ghala la chama cha msingi. Ushirika wa wakulima wa Bukoba, BNCU (Bukoba Native Co-operative Union), ulianzishwa mwaka 1950, na vyama vya msingi vilivyo chini yake vikajenga maghala karibu na wakulima. Msimu wa kahawa ghala lilijaa magunia hadi darini. Msimu ukiisha lilibaki tupu, lina paa, lina sakafu ya saruji, na tena ni la wanachama.

Mkutano mkuu wa chama ulifanyika humo. Mizani ilisogezwa ukutani, wazee wakakalia benchi, vijana wakakaa juu ya magunia matupu yaliyokunjwa, na vumbi la maganda makavu likawa linapanda kila mtu alipobadili mkao. Ajenda ilikuwa bei na malipo ya pili. Lakini watu wakishakusanyika hawazungumzii jambo moja tu: barabara, mwalimu mtoro na mpaka wa kibanja vyote vilipata nafasi baada ya hesabu kusomwa. Kwa maoni ya mwandishi, demokrasia ya kijiji katika Buhaya ilijifunza kusimama katika maghala haya kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vijiji vyenyewe vikapewa kazi ya ushirika. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na huku Kagera ukaendelea kwa jina la KCU (Kagera Co-operative Union). Kwa hiyo katika muda mfupi umiliki wa ghala lilelile ungeweza kudaiwa na chama, na kijiji, kisha na chama tena.

Kijiji, chama na ukumbi

Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na siasa ya vijiji vya ujamaa. Buhaya haikuhamishwa kama mikoa mingine, maana watu tayari waliishi kwa kubanana katika vibanja vya migomba na kahawa. Vijiji viliandikishwa pale vilipokuwa. Kila kijiji kikahitaji ofisi, na mahali palipokuwa na viongozi wenye bidii ofisi ikapata chumba kikubwa ubavuni mwake. Wananchi walisomba mawe na maji, wakafyatua matofali, wakachoma tanuri. Serikali au mfadhili akaombwa bati na saruji. Utaratibu huo haujabadilika sana: hadi leo nguvu za wananchi hufikisha jengo kwenye lenta, kisha boma husubiri kupauliwa. Fedha za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na Mfuko wa Jimbo zimemalizia mengi. Mengine yameota magugu ndani.

Katika zama za chama kimoja, hasa baada ya Chama Cha Mapinduzi (CCM) kuzaliwa Februari 1977, ofisi ya kijiji na ofisi ya chama zilikuwa mlango kwa mlango, na michango ilikusanywa bila kutenganisha kipi ni cha serikali na kipi ni cha chama. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, swali la nani mwenye majengo yaliyojengwa kwa jasho la wote lilizuka nchi nzima, na mahali pengi halijapata jibu linaloridhisha kila upande.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inatoa jibu kwa upande wa vijiji. Kijiji kilichoandikishwa, kupitia halmashauri yake yenye wajumbe 15 hadi 25, ni chombo chenye utu wa kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu. Hivyo kijiji cha Muleba kinaweza kusema "ukumbi huu ni wetu" na maneno hayo yakasimama mahakamani.

Kashai haina nafasi hiyo. Ni kata ya mjini, na mtaa, tofauti na kijiji, hauna utu wa kisheria. Mali ya umma iko mikononi mwa Manispaa. Wakazi wanaweza kuchanga, kujenga na kulinda, lakini hati haitaandikwa kwa jina lao. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, na inastahili kuangaliwa upya na watunga sheria, kwa sababu watu wa mitaa ya Kashai ni walewale wenye vibanja kwao shamba, wanaojua kabisa maana ya kumiliki jengo kwa pamoja.

Jengo na vifaa

Adui wa kwanza wa ukumbi wa Bukoba ni mvua. Mji hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Fundi mwenyeji huanza na msingi wa mawe, hupandisha matofali ya kuchoma, hufunga lenta kwa nondo, kisha huweka kenchi za mikaratusi au misindano. Bati jembamba la geji 32 ni rahisi kununua ila hutoa kelele; mvua ya Aprili ikianza, mzungumzaji hunyamaza. Mwenyekiti huinua mkono, watu hutazamana, kina mama huvuta watoto mbali na madirisha yasiyo na vioo, na mkutano husimama hadi mvua ipungue. Kwa hiyo singibodi si urembo. Maji hayohayo, yakikingwa kwa gata na kupelekwa kwenye tangi, hutosha kupikia harusi na kuosha vyombo vyake.

Katika tambarare za Kashai, karibu na Ziwa Viktoria, shida huongezeka chini. Maji hujikusanya, na choo cha shimo kilichochimbwa bila kupima hujaa mapema. Ukumbi wenye choo kibovu hukimbiwa na wanawake, na bila wanawake mkutano wa mtaa huwa umekosa zaidi ya nusu ya akili yake. Jiko la nje, stoo yenye kufuli, jukwaa la hatua mbili na mlango wa mteremko kwa wenye baiskeli za magurudumu matatu ndivyo vitu vinavyofuata kwa umuhimu. Spika na jenereta hukodishwa.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vitongoji vyake. Kuta zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji, na zisizo na lenta kamili, zilipasuka kwenye pembe. Kwa wiki kadhaa watu walilala na kukutana nje hata palipokuwa na jengo zima.

Matumizi

Kumbi zimebeba mambo mazito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mafunzo ya wajane, walezi na yatima yalifanyika katika kumbi za vijiji, za parokia na za sharika. Huko Nshamba, Muleba, vijana waliofiwa na wazazi walijiunga pamoja kupitia mradi wa Humuliza wakaendesha mikutano yao wenyewe. Leo ratiba ina kliniki ya watoto, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kwaya, mnada wa kahawa, na Jumamosi harusi, ambayo ndiyo huingiza kodi ya kulipia umeme.

Msiba hauingii ukumbini. Mhaya huzikwa kwenye kibanja chake, na waombolezaji hukaa hapo chini ya turubai. Lakini ukumbi huenda msibani kwa namna yake. Alfajiri mweka stoo hufungua kufuli, huandika idadi katika daftari la mistari, na viti vya plastiki vyenye herufi za kikundi zilizopakwa kwa rangi nyeupe migongoni hubebwa vinne vinne kichwani, pamoja na masufuria makubwa, kupita njia ya migombani hadi kwa mfiwa. Baada ya siku tatu au nne hurudishwa, vikahesabiwa upya.