Riwaya, Msafara na Watoto wa Mpala

Katika vikundi vyetu huulizwa mara kwa mara kama yafaa kijana asome riwaya za mambo ya kale, ilhali historia yenyewe hajaijua. Twaona yafaa, na mfano wetu ni kitabu kimoja: Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1994. Tangu 2022 kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri yake Ida Hadjivayanis.

Humo yumo Yusuf, mtoto ambaye baba yake amemtoa kwa tajiri Aziz awe rehani ya deni. Mtoto hajui, adhani anakwenda kumtembelea jamaa. Baadaye afuata msafara wa biashara hadi ziwani, nao wavuka kwenda ng'ambo ya magharibi. Ng'ambo hiyo ni kwetu! Msomaji wa Kalemie hahitaji kuelezwa mawimbi ya ziwa lile.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ushahidi mkubwa. Twasoma alivyopigana na Nsama wa Itawa na pembe alizozipata. Mpagazi aliyezibeba aliwaza nini, hatusikii.

Hata Mpala, kusini ya mji wetu, mambo ni hayo hayo. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale. Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtawala ambaye naye alikuwa akivamia vijiji na kuuza watu. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadre Weupe, na mwaka 1887 akafika Kapteni Joubert kukilinda. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa huko. Je, mtoto wa namna hiyo, usiku wake wa kwanza, alijua kwamba amekombolewa, au alidhani amepata bwana mwingine tu? Hati nyingi ziliandikwa na mkombozi, si na mtoto. Adrien Atiman, tabibu wa Karema upande wa pili wa ziwa, ambaye naye alikombolewa utotoni, aliandika habari za maisha yake. Lakini Atiman ni mmoja.

Hapo ndipo riwaya inapoingia. Haithibitishi kitu. Chatu, mtawala anayewanyang'anya wafanyabiashara katika Peponi, ni mtu wa kubuniwa, na anayemtaja katika mjadala kama shahidi anakosea njia. Kazi ya riwaya ni nyingine: yatufundisha swali la kuzipelekea hati.

Na swali hilo ni zito kwetu. Mazungumzo juu ya utumwa huishia upesi kwa Mwarabu na Mzungu, kisha kila mtu ainuke aende zake. Gurnah hamwachi msomaji aondoke hivyo, kwa kuwa ameanzia nyumbani, kwa baba mwenye deni. Nani kwetu aliuza, na nani aliuzwa? Pengine mjukuu mmoja ana damu ya wote wawili.

Mkimaliza kitabu, wenye wazee wa Mpala au Moba waketi nao, wawaulize kwa adabu majina ya mababu waliofika pale bila ukoo.