Jamestown: Koloni lililoponea chupuchupu kuangamizwa na njaa

Mnamo Mei 1607, Waingereza 104, wote wanaume na wavulana, waliteremka kando ya mto mmoja wa Virginia, katika nchi ambayo leo ni Marekani. Walikuwa wamesafiri kwa merikebu tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, kwa gharama ya kampuni ya jijini London iliyotarajia dhahabu. Makao yao waliyaita Jamestown, kwa heshima ya Mfalme James wa Kwanza. Hilo ndilo koloni la kwanza la Waingereza lililodumu Amerika Kaskazini, ingawa nusura lisidumu.

Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwahofia Wahispania. Mto ulikuwa na kina cha kutosha merikebu kutia nanga karibu na ukingo, na ngome ingelindwa kwa urahisi. Hata hivyo, palikuwa kinamasi chenye mbu tele, na maji ya kunywa yalikuwa ya chumvichumvi. Homa, kuhara damu na njaa viliwafyeka walowezi hao. Kufikia Januari 1608 walikuwa wamesalia 38 tu.

Wengi wao walikuwa mabwana wasiozoea jembe. Isitoshe, uchunguzi wa miti ya kale umebainisha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko miaka mingine yoyote saba mfululizo katika rekodi ya miti hiyo, inayohusu zaidi ya karne saba. Walowezi walitegemea mahindi ya wenyeji, Wapowhatan, waliotawaliwa na chifu Wahunsenacawh. Awali waliyapata kwa kubadilishana shaba na shanga; baadaye waliyatwaa kwa nguvu, ilhali wenyeji nao walikuwa na uhaba.

John Smith, aliyeshika uongozi Septemba 1608, aliamuru kwamba asiyefanya kazi asile. Lakini aliunguzwa na baruti, akarejea Uingereza mwaka wa 1609. Majira ya baridi yalipoingia, Wapowhatan waliizingira ngome. Waliokuwa ndani walikula farasi, mbwa, paka, panya, nyoka na hata ngozi za viatu. Mwenye njaa hana miiko: mifupa ya msichana wa takriban miaka 14, iliyofukuliwa mwaka wa 2012, ina alama za visu zinazothibitisha kwamba maiti yake ililiwa. Kati ya watu wapatao 300, walionusurika ni kama 60.

Juni 1610 waliobaki waliihama ngome. Wakiwa bado mtoni walipata habari kwamba gavana mpya, Lord De La Warr, alikuwa akiwasili na watu na chakula. Wakarudi.

Dhahabu haikupatikana kamwe. Kilichoimarisha koloni ni tumbaku, ambayo John Rolfe alianza kuijaribu karibu mwaka wa 1612. Zao hilo lilihitaji ardhi na wafanyakazi wengi. Ardhi ilinyakuliwa kutoka kwa wale wale ambao mahindi yao yaliwalisha walowezi. Na mnamo Agosti 1619, Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola walifikishwa Virginia, wakabadilishwa kwa chakula. Hivyo basi, kuokoka kwa Jamestown kuligharimiwa na watu wengine, na deni hilo halikulipwa.