Miduara ya Kakapel: Michoro ya Kale Mpakani mwa Kenya na Uganda

Katika vilima vya Chelelemuk, kaunti ya Busia nchini Kenya, karibu kabisa na mpaka wa Uganda, lipo jabali la Kakapel. Ukuta wake umesheheni michoro myekundu na myeupe. Ile iliyotangulia haina uso wa mtu wala umbo la mnyama: ni miduara, mmoja ndani ya mwingine, pamoja na mistari. Leo ingeitwa sanaa dhahania.

Watafiti huinasibisha michoro hiyo ya mwanzo na wawindaji wa jamii ya Watwa. Wafugaji waliowafuata walichora juu yake ng'ombe wenye pembe ndefu, na baadaye zikaongezwa alama nyingine. Waliokuja nyuma hawakufuta kazi ya wenzao. Waliichorea juu tu.

Maana ya miduara ndiyo yenye mabishano. Wapo waonao jua au mwezi, na wapo waihusishao na mvua. Rai ya pili ina nguvu zaidi, kwani mapango ya namna hii, likiwemo la Nyero, yamejulikana kuwa mahali pa kuombea mvua. Nyero ipo wilayani Kumi, Uganda, na msafiri kutoka Tororo huifikia kwa kupitia Mbale. Miduara yake inafanana mno na ya Kakapel.

Mfanano huo si ajabu, kwa kuwa mpaka ni mchanga kuliko michoro. Hadi mwaka 1902 eneo la Busia lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; Wateso, wenyeji wa eneo hilo, wakajikuta pande zote mbili. Kenya iliitangaza Kakapel kuwa mnara wa taifa mwaka 2004. Nyero imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 1997.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kuwa kunde zilizochimbuliwa Kakapel zina umri wa miaka 2,300 hivi. Hilo halitoi umri wa michoro yenyewe, ila lathibitisha kuwa mahali hapo pana historia ndefu ya watu.

Hatari kubwa sasa ni wageni wanaoandika majina yao ukutani. Kuyafuta si kazi ya maji na brashi, kwani rangi ya kale huweza kutoka pamoja na jina.