Milima ya Umatengo: Ardhi Kama Hati ya Historia



Tumezoea kuianza historia yetu pwani, kisha kuifuata misafara hadi bara. Leo naomba tuianze mlimani, Litembo, katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Hoja yangu ni kwamba huko Umatengo ardhi ni hati ya kihistoria, na msamiati wa wakulima ndio ufunguo wa kuisoma.

Upande wa magharibi nyanda hizi hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya milima hukaribia mita 2,000. Mto Ruvuma huanzia katika nyanda hizi na kuelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi. Maji yanayoshuka magharibi huingia ziwani, hutoka kwa Mto Shire, hujiunga na Zambezi, na mwishowe hufika bahari hiyohiyo.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, waliingia Songea. Mashambulizi yao yaliwafanya Wamatengo wengi wasongamane milimani, ambako miamba na mapango yaliwapa kinga. Hata hivyo, pango humficha mtu, halimlishi. Wataalamu wengi wanahusisha kushamiri kwa kilimo cha ngoro na msongamano huo.

Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba mteremko mzima. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea, na maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo.

Neno la pili ni *ntambo*. Hili hutaja mgongo wa mlima pamoja na miteremko yake, uliopakana na vijito, ambao kwa desturi hushikwa na ukoo mmoja. Tukilifasiri kuwa “mlima” tunapoteza ukoo; tukilifasiri kuwa “shamba la ukoo” tunapoteza vijito. Ndani ya neno moja mna jiografia, sheria ya ardhi na nasaba.

Mwaka 1902 Wajerumani waliuvunja kwa silaha upinzani wa Wamatengo huko Litembo. Miamba iliyowakinga dhidi ya mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki. Baadaye zikaja misheni na kahawa, na mibuni ikaenea kandokando ya nyumba. Tangu miaka ya 1960 familia nyingi zimehamia maeneo ya chini upande wa mashariki kutafuta ardhi.

Hapo ndipo penye jukumu letu. Maafisa na wamisionari waliacha majalada. Wakulima waliacha mashimo na maneno. Jalada hutunzwa katika nyaka. Ngoro isipolimwa hufukiwa na mvua, na neno lisilotumika hufuata njia hiyohiyo. Mtunga kamusi anayepanda Litembo akasikiliza wazee anafanya kazi ya mwanahistoria, wala asingoje hadi shimo la mwisho lijae.