Nyuso za Unguja katika Rangi za Irma Stern

Irma Stern alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1894, akasomea uchoraji Ujerumani, lakini Unguja ni miongoni mwa mahali palipomteka moyo. Alifika mwaka 1939, akarudi 1945. Kwa rangi za mafuta alichora wazee wenye vilemba, wanawake waliojitanda, mitaa na bandari. Baadhi ya picha alizitia katika fremu za mbao za nakshi zilizotoka kwenye milango ya kisiwani. Mwaka 1948 alitoa kitabu, akakiita Zanzibar.

Mapenzi hayo hayana shaka. Hata hivyo, kupenda si kujua. Mzee mmoja aliyemchora mwaka 1945 alipewa anwani ya “Kasisi wa Kiarabu”, ilhali Uislamu hauna ukasisi. Na jina lake mwenyewe halimo katika anwani hiyo. Mwaka 2011 picha hiyo iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Uso umepata thamani, mwenye uso amekosa jina. Wenye picha za jamaa zao wa miaka ile na wazilinganishe na nyuso hizi. Huenda babu wa mtu akarejeshewa jina lake.