Mjakazi Aliyepotea Kamusini

Mwaka 1879, James Murray alipokabidhiwa uhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, ilikadiriwa kuwa kazi ingechukua miaka 10 hivi. Miaka 5 baadaye yeye na wenzake walikuwa wamefika neno "ant", yaani sisimizi. Murray alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, nayo ikawa imekwisha kuchakaa, kwa kuwa herufi A ilikuwa kazi ya karne iliyopita. Ikalazimu nyongeza itolewe mwaka 1933. Humo ndimo lilimoingia neno "bondmaid", mjakazi, ambalo vikaratasi vyake vilikuwa vimepotea herufi B ilipohaririwa. Katika mamilioni ya vikaratasi, nani angebaini kuwa mjakazi hayupo? Kisichokuwapo hakipigi kelele.

Watunzaji wa programu za kompyuta wanaijua hali hii. Meir Lehman, aliyechunguza mfumo mkubwa wa kompyuta wa IBM, alieleza mwaka 1974 kwamba programu inayotumika sharti iendelee kurekebishwa, ama sivyo manufaa yake hupungua mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna aliyeigusa. Ulimwengu unaoizunguka ndio uliohama. Mhariri wa kamusi angeweza kuyasema hayo hayo.

Fani hizi mbili zilikutana waziwazi mwaka 1984, kamusi ya Oxford ilipoanza kuingizwa katika kompyuta. Wachapaji 120 nchini Marekani walichapa herufi zaidi ya milioni 350, na wasomaji prufu 55 nchini Uingereza wakazikagua. Kila kidahizo na kila mfano wa matumizi ulitiwa alama ya kuutambulisha. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilishiriki. Miongoni mwa waliofanya kazi huko ni Tim Bray, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wahariri wa XML, kanuni ya mwaka 1998 ya kupanga matini ambayo programu nyingi huitumia hadi leo.

Kwetu, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya ile ya Madan ya mwaka 1903, kama mafundi wa programu wanavyorithi kazi ya waliowatangulia, pamoja na nyufa zake. Johnson aliyaweka maneno mengi ya mnyambuliko chini ya kitenzi chake: umtafutaye mpishi, nenda kwa pika. Mpangilio huo humfaa mhariri, kwani maana ikisahihishwa shinani, matawi yote yapo machoni pake. Humtesa mwanafunzi asiyejua shina. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya mwaka 1981, ilimpa mpishi mahali pake penyewe. Msomaji alipumzika, mhariri akaongezewa mzigo, maana sasa akigusa pika hana budi kukumbuka mpishi, upishi na mapishi, kila mmoja katika ukurasa wake. Mafundi wa programu hubishana juu ya jambo hili hili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, niko upande wa mwanafunzi.

Toleo la pili la TUKI lilitoka mwaka 2004, miaka 23 baada ya la kwanza. Katika kipindi hicho nilikuwa nikifundisha chuo cha ualimu. Wanachuo wetu walitakiwa kwenda kufundisha watoto habari za UKIMWI, na nakala ya mwaka 1981 iliyokuwa rafuni ilichapwa kabla ugonjwa huo haujapewa jina. Waliifungua, wakaifunga. Hakuna aliyekuwa amekosea neno lolote. Kitabu kilisimama, maradhi yakatembea.

Kamusi ikizinduliwa, mgeni rasmi huja na hotuba husomwa. Anayepitia kila "taz." kuhakikisha kwamba kidahizo kinachotajwa kipo kweli, huyo hafanyiwi sherehe, na bajeti ikibanwa, kazi yake ndiyo huahirishwa kwanza.

Nanyi washairi, mnaotumia maneno ya Pemba na Lamu ambayo hamjapata kuyaona katika toleo lolote: vikaratasi vyake anavyo nani?