Jinsi jua lilivyoelewana na kiyoyozi

Leo naweka kando msimbo na hifadhidata, niandike juu ya kile kisanduku cheupe kinachoning'inia ukutani katika ofisi nyingi za Nairobi na nyumba nyingi za Mombasa. Ni kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, ambacho mafundi wanakiita "split". Siku hizi maduka ya sola yana matangazo ya kukiendesha kwa paneli, na watu wanauliza: zinahitajika paneli ngapi? Swali zuri. Mimi nina swali linalotangulia hilo. Kwa nini miaka 30 iliyopita jambo hili lilikuwa ndoto, na leo fundi wa mtaani analimaliza kwa siku moja au mbili? Wengi watajibu kwamba paneli zimeshuka bei. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni programu, na ndiyo maana habari hii imeingia hapa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1878, katika maonyesho makubwa ya Paris, mwalimu wa hisabati aitwaye Augustin Mouchot alielekeza kioo kikubwa chenye umbo la faneli kwenye jua, akakusanya joto lake, akalipeleka katika mashine ya barafu ya aina aliyoibuni Ferdinand Carré. Likatoka donge la barafu. Mashine ya Carré haikuwa na kompresa. Ilitumia joto kuifukuza amonia kutoka kwenye maji, na amonia hiyo ikafanya kazi ya kupoza. Basi jua lilitengeneza barafu miaka 76 kabla ya paneli ya silikoni ya Bell Labs ya mwaka 1954! Mouchot alipewa medali ya dhahabu, halafu mambo yakaishia hapo. Makaa ya mawe yalikuwa rahisi, na serikali ya Ufaransa ikapoteza hamu.

Njia nyingine, iliyoshinda baadaye, ni ile ya kompresa. Mwaka 1852 William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika kwamba mashine inaweza kuhamisha joto kutoka mahali baridi hadi mahali penye joto, na kwamba mashine ile ile inaweza kupasha nyumba au kuipoza. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Jina linawachanganya watu, lakini friji yako ya jikoni ni pampu ya joto: weka mkono nyuma yake utasikia lile joto lililotolewa kwenye maziwa na sukuma. Haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje. Na kwa kuwa kubeba ni kazi ndogo kuliko kutengeneza, wati 1,000 za stima zinaweza kuhamisha wati 3,000 za joto au zaidi. Ukizungusha njia ya gesi kwa vali, kipande cha nje kinakuwa cha kupoza na cha ndani kinakuwa cha kupasha. Mwaka 1938 ukumbi wa mji wa Zürich ulikuwa tayari unapashwa joto kwa pampu iliyochota joto kutoka mto Limmat. Mto baridi wa Uswisi!

Willis Carrier na mtambo wake wa mwaka 1902 katika kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn nitawapita haraka, maana habari zao zimeandikwa kila mahali. Kisanduku chetu cheupe kimetoka Japani. Nyumba za Kijapani ni ndogo na zimebanana, na kiyoyozi cha dirishani kinakula dirisha na kupiga kelele chumbani. Mwaka 1961 Toshiba walikitenganisha vipande viwili, kompresa yenye kelele ikabaki nje. Mwaka 1968 Mitsubishi Electric wakaleta feni ndefu nyembamba kama mchi, iliyowezesha kipande cha ndani kuwa chembamba na kukaa juu ukutani. Shimo moja dogo ukutani, mabomba mawili ya shaba, waya, na mpira wa kutoa maji. Umbo hilo ndilo tulilo nalo hadi leo.

Lakini ndani ya umbo hilo kulikuwa na tatizo kubwa, na hapa ndipo naomba msomaji awe makini.

Kompresa ya wakati ule ilijua mambo mawili tu: kuwaka na kuzima. Mota yake ilifuata mapigo ya stima ya gridi. Kwa gridi ya 50 Hz kama yetu, mota ya kawaida ya ncha mbili inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, hata kama chumba kinahitaji baridi kidogo tu. Kwa hiyo inakimbia kwa nguvu zote, chumba kinapoa kupita kiasi, inazima, chumba kinapata joto, inawaka tena. Japani walikuwa na kioja chao: Tokyo inatumia 50 Hz na Osaka 60 Hz, hivyo mashine ile ile ilikuwa na nguvu tofauti kutegemea unakaa mji gani.

Kila kuwaka kuna gharama. Mota ya aina hiyo inapoanza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake. Chukua kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000, kinachotumia ampia 4 hivi kikiwa kimetulia. Wakati wa kuanza kinaweza kudai ampia 24 kwa muda mfupi. Gridi haijali. Paneli na betri zinajali sana, maana paneli haina akiba: ina kile jua linachotoa wakati huo, basi. Ukiomba zaidi volti inaanguka na kila kitu kinazima. Ingekubidi ununue mfumo mara tano ya mahitaji yako kwa ajili ya sekunde moja ya kuanza. Hata paneli za bure zingekuachia gharama ya betri na inveta kubwa.

Kilichovunja ukuta huu si hamu ya sola. Ni bei ya mafuta. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda ghafla, Japani, nchi inayoagiza karibu mafuta yake yote, ilitikisika. Serikali ilianzisha mpango wa nishati mpya, ikiwemo ya jua, mwaka 1974. Mpango wa kubana matumizi ukafuata mwaka 1978, na sheria yake mwaka 1979. Wahandisi wakaambiwa punguzeni stima. Kati ya mwaka 1980 na 1981 Toshiba wakatoa kiyoyozi ambacho kompresa yake inaweza kubadili mwendo, kwanza cha majengo ya biashara, halafu cha nyumbani. Taasisi ya wahandisi ya IEEE imekiweka katika orodha yake ya hatua kuu za uhandisi. Wenye kuandika programu tungekifahamu zaidi, maana mwenye uamuzi ndani yake ni maikroprosesa.

Kazi yake ni hii. Stima ya gridi inaingia kama AC, yaani inayokwenda na kurudi. Saketi ya kwanza inaigeuza kuwa DC, inayokwenda upande mmoja. Kisha transista zinaikatakata DC hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, vipande virefu na vifupi kwa mpangilio, mpaka mota inaona wimbi jipya la AC. Mpangilio huo unahesabiwa na programu. Unataka 30 Hz? Sawa. Unataka 90? Sawa. Kifaa cha kupima joto kinasoma chumba, programu inalinganisha na ulichoagiza, inaongeza au kupunguza mwendo, inasoma tena. Mota inaanza polepole kama mtu anayeamka, bila kuruka hadi ampia 24. Chumba kikishapoa, mashine iliyokuwa ikila wati 800 inaweza kushuka hadi 300 au chini yake na kuendelea kuzunguka taratibu.

Sasa rudi kwenye ile DC ya katikati. Stima ya volti 240 ikigeuzwa inatoa DC ya volti 340 hivi. Na paneli ya sola inatoa nini? DC! Unganisha paneli nane za volti 41 kwa mfuatano, upate volti 328. Wajapani, wakijaribu kuokoa mafuta, walikuwa wamejenga ndani ya kiyoyozi mlango unaolingana na jua, na kwa miaka mingi mlango huo haukutumika sana.

Haukutumika kwa sababu ya ile nusu ya kwanza ya jibu, bei. Mwaka 1977 wati moja ya seli za jua iligharimu kama dola 76 za Marekani. Hapa kwetu sola iliingia kwa wati za kuhesabu kwa vidole. Mhandisi Mmarekani Harold Burris alifunga sola katika shule ya Karamugi kule Meru mwaka 1984, na kutoka hapo mafundi wakasambaza mifumo ya vijijini: paneli ya wati 10 hadi 40, betri ya gari, taa mbili na televisheni isiyo na rangi. Mfumo kama huo hauwezi hata kuzungusha feni ya kiyoyozi kwa siku nzima. Japani, Yukinori Kuwano wa Sanyo aliweka paneli juu ya nyumba yake mwaka 1992 na kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, na ruzuku za serikali zikafuata mwaka 1994. Ujerumani ikapitisha sheria yake ya kununua umeme wa jua mwaka 2000, China ikajenga viwanda, na baada ya mwaka 2011 wati ikawa chini ya dola moja. Leo ni chini zaidi ya hapo.

Mwaka 2013 Gree, kampuni ya Zhuhai, China, ilitangaza mashine ya kupoza majengo makubwa inayopokea DC ya paneli moja kwa moja. Wazo hilo likashuka hadi mashine ndogo za nyumbani zenye milango miwili, wa paneli na wa gridi. Zingine zina saketi ya kupandisha volti, hivyo paneli tatu au nne zinatosha kuanzia. Programu ndani yake inafanya jambo ninalolipenda sana: inagusa mzigo kidogo, inaangalia kama wati zimepanda au zimeshuka, kisha inasogea upande ulio bora, tena na tena, ikitafuta kilele cha paneli. Wingu likipita, kompresa inapunguza mwendo au inachota kiasi kilichopungua kutoka gridi. Kompresa ya mwaka 1970 ingezima.

Kwa mtu wa Kisauni au Nyali hesabu sasa si mbaya. Paneli nne za wati 450 ni wati 1,800 kwenye karatasi, tuseme 1,400 kwenye bati lenye joto saa sita mchana. Chumba kimoja kinapoa na ziada inabaki. Na jua kali linakuja pamoja na joto kali, kwa hiyo mahitaji na mapato vinafuatana. Kwa wa Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai, mambo ni kinyume: baridi inakuja usiku, jua halipo. Hapo utahitaji betri, au gridi iwe nyuma yako. Hata hivyo nadhani bara tunaipuuza pampu hii. Nje kukiwa nyuzi 10, kazi ya kuhamisha joto ni nyepesi mno ukilinganisha na majira ya baridi ya Ulaya, na wengi wetu bado tunaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Kaboni monoksidi ya jiko hilo huua watu usingizini.

Tahadhari moja ya lugha. Neno "inveta" lina maana mbili dukani. Kuna kile kisanduku cha ukutani kinachogeuza DC ya betri kuwa volti 240, na kuna inveta iliyo ndani ya kiyoyozi. Nimemsikia muuzaji akisema "hii ni ya inveta" akimaanisha kwamba ukiwa na kisanduku cha ukutani itawaka. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuwaka na kuzima, ile ile ya kale. Omba karatasi ya maelezo uangalie wati. Mashine ya kubadili mwendo huandikwa kima cha chini na cha juu. Ukiona namba moja peke yake, uliza zaidi.

Angalia na gesi. R-22 inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R-410A haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto mara 2,088 kuliko uzito sawa wa kaboni dioksidi. R-32, ambayo Daikin walianza kuitia katika viyoyozi vya nyumbani mwaka 2012, ni 675. Nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za kundi hili la pili, na mashine ya R-22 uliyouziwa kwa bei ya kutupa itakusumbua siku ya kujaza gesi. R-32 inaweza kushika moto, si kwa urahisi, lakini fundi awe anajua. Na kabla ya kufungulia gesi yoyote, lazima avute hewa na unyevu wote kwenye mabomba kwa pampu ya kuvuta hewa. Akitaka kutoa hewa kwa kuachia gesi kidogo ipite, msimamishe hapo hapo.